Kompyuta Niliyoitengeneza Nyuma ya Pazia

Hakuna mashine inayoweza kunishangaza mimi. Nalisema hili nikiwa nimekaa kitako, kikombe cha kahawa mkononi, na anayetaka kubisha na aje abishe. Nimefungua redio nikakuta mjusi ametaga nyuma ya spika, mayai yamejipanga kama peremende dukani. Nimeletewa simu iliyotoka tumboni mwa samaki chewa, nikaikausha, nikaipangusa, ikawaka na kuanza kudai namba ya siri. Nimeitwa Shela kwenye nyumba ya wageni, mtandao umekatika, wageni wamenuna, mwenye nyumba amegomba na simu mpaka sauti imemkauka. Nikaufuata waya kwa mkono mpaka uchochoroni, nikamkuta punda amesimama anautafuna taratibu kama aliyealikwa. Sikushangaa. Nilimsukuma punda, nikaunga waya, nikaenda kudai changu.

Jina langu Shee. Mtu yeyote wa Amu ukimwuliza fundi Shee ni nani, atakuonyesha ndia. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo hakuna aliyenifundisha kwa ubao na chaki. Nilianza na redio, nikaenda kwenye mashine za boti, simu zilipokuja nikazitengeneza, na kompyuta zilipokuja nikazitengeneza na hizo. Ya kwanza niliifungua kwa kisu cha jikoni, na hata sikuwa nimejua kwamba inafaa kuchomolewa umeme kwanza. Ilinirusha mpaka mlangoni. Nikarudi nikaendelea. Ndivyo nilivyojifunza, na msijifunze hivyo.

Mwaka huu nimelifunga duka. Si uzee, kwani ndevu zangu nyingi bado nyeusi, ni macho. Vidude vya siku hizi vimekuwa vidogo kuliko ufuta, na nikishika chuma cha kulehemu naviona viwili palipo na kimoja. Sasa kila alasiri mwanijia barazani nyinyi vijana wa kazi hii, huyu na laptopu, huyu na boksi la kompyuta begani, na swali lenu huwa moja: Ami Shee, hii ilikuwa nzuri, nimeipandisha kwa mfumo endeshi mpya, na sasa imekuwa nzito kama gunia la chumvi, nifanye nini? Nimechoka kulijibu nusu nusu huku kahawa inapoa. Jibu langu ni refu, na ndani yake yumo mke wangu, yumo mkwe wangu wa Chundwa, na yumo mteja niliyemfanyia kazi miaka na miaka bila ya kuiona kompyuta yake ikiwaka. Kaeni nilitoe lote.

Lakini kwanza Bwana Kombo, maana bila yeye hamtaelewa kitu.

Bwana Kombo alikuwa fundi wa mashine za boti kule Matondoni, na mimi nilikuwa kijana wake wa kushika spana. Alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wateja. Mtu akija mbio kueleza mashine yake imefanya nini, Bwana Kombo hamsikilizi. Anampita. Anakwenda mpaka kwenye mashine, anaweka kiganja juu yake, anakiacha pale kidogo, kisha anainama na kuinusa. Akishamaliza kunusa ndipo humgeukia mwenyewe na kumwambia, haya, sasa sema. Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu kwamba mwenye mashine amekuja na ugonjwa alioutunga njiani, na ukianza kumsikia yeye, utautibu huo wa njiani.

Siku moja hakuwapo. Nikaletewa mashine inakohoa. Mwenyewe akaniambia ni kabureta, nami nikaamini ni kabureta. Niliifungua, nikaiosha, nikaifunga, nikaifungua tena, jua likanipanda na kunishukia. Bwana Kombo aliporudi alifungua kifuniko cha tangi, akanusa, akaniuliza kama petroli siku hizi inauzwa na maji ya kisima. Basi. Tangu siku ile mkono wangu na pua yangu vilitangulia masikio. Vimeniozesha, vimenijengea nyumba, vimenisomeshea watoto.

Sasa fikirini nimepewa mashine nisiyoruhusiwa kuishika, kuisogelea wala kuitazama.

Mashine hiyo ni ya Bi Nuru. Bi Nuru hupiga filamu za harusi za wanawake, na hapa kwetu harusi ya wanawake ni ya wanawake. Wakishaingia ndani na mlango ukafungwa, mabuibui yanavuliwa, nywele zinafumuliwa, dhahabu zinatoka, wanacheza na kutaniana mpaka alfajiri, na simu zote zimekusanywa kwenye kikapu mlangoni. Kamera inayoingia ni moja tu, ya Bi Nuru. Yeye ndiye anayezikata zile picha, anazipanga, anatia nyimbo, na filamu anamkabidhi mama wa bibi harusi mkononi. Nusu ya wanawake wa mji huu wamo ndani ya ile kompyuta, vichwa wazi. Watu wanamwamini kwa hilo. Hata harufu ya uvumi ikitoka kwamba mwanamume ameona, kazi yake imekwisha, na si ajabu na ndoa za watu nazo zikatikisika.

Kwa hivyo sheria zake ni mbili. Kompyuta haitoki nyumbani, na mwanamume hakai mbele ya skrini. Mafundi wengine walikataa, wakasema haiwezekani. Mimi nikasema inawezekana. Nikaja nikapewa kiti kiwandani, yaani ule uwanja wa ndani ya nyumba, pazia zito likashushwa mlangoni mwa chumba, yeye akakaa upande wa pili na mausi mkononi. Yeye anasoma kilichoandikwa, mimi namwambia abonyeze wapi. Nimeitengeneza ile kompyuta kwa masikio miaka yote hiyo, na hapana mwingine hapa Amu aliyeweza.

Basi Bi Nuru alinunua kamera mpya, na programu yake ya kukatia filamu ikagoma kuzisoma picha za ile kamera. Ikaandika kwamba inataka mfumo mpya. Aliponiuliza kama ni salama nilimwambia ni kazi ndogo. Tulianza asubuhi, mimi kitini, yeye kwenye mausi. Tulitia nakala za picha zake kwenye diski ya nje kwanza, na hilo lishikeni vijana, usipandishe mfumo wa mtu kabla ya kuweka nakala, hata akikuapia kwamba hana kitu cha maana. Adhuhuri ikaadhiniwa, naye akasoma kwa sauti kwamba kompyuta imemkaribisha. Nikasimama, nikavaa viatu, nikatoka nikijisifu njia nzima. Na kwa nini nisijisifu.

Filamu ya kwanza iliyoingia kwenye mfumo huo mpya ilikuwa ya harusi ya binti yangu, Asiya.

Hapa ndipo panapouma. Mamake mke wangu, Bi Mwanaesha, anakaa Chundwa, kisiwani Pate, na alikuwa mgonjwa hawezi kukaa, sembuse kupanda boti. Wanawe wa kiume walikuwa wamekwisha kuitwa kutoka Mombasa, na mnajua watu hawaitwi hivyo kwa homa ya mafua. Asiya ni mjukuu aliyemlea yeye mwenyewe, tangu kunyonyeshwa kulipokwisha mpaka alipoanza chuo cha Kurani. Harusi ikawa na bibi hayupo. Alitaka jambo moja tu, amwone Asiya alivyopambwa. Mke wangu aliponiwekea simu sikioni, nilimwambia mkwe wangu, "Mama, Ijumaa utamwona Asiya kwa mato yako." Akasema, "Inshallah. Wewe Bwana Shee huishiwi na maneno."

Wiki ileile kompyuta ikaanza kulala. Bi Nuru akiburuta picha, inamfuata baadaye. Akiiambia programu iifunge filamu yote iwe faili moja, ule mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi unakwenda kidogo, halafu unasimama kama umeona polisi. Mke wangu alikwenda kuulizia filamu, akarudi, akalitundika buibui lake, akaniuliza kwa upole kabisa kama ile kompyuta niliipandisha au niliizika.

Nikarudi kitini nyuma ya pazia.

Nitawaambia nilichofanya, maana si upuuzi. Kompyuta ikiwa nzito baada ya mfumo mpya, la kwanza ni kuiacha ikiwaka mpaka asubuhi bila ya kuiguza. Mfumo ukishaingia huwa unajipangia mafaili yake kimyakimya, kama mtu aliyehamia nyumba mpya, na wakati huo usimgombeze. Tuliiacha. Wapi. La pili, zile programu zinazoamka zenyewe kompyuta ikiwashwa. Mfumo mpya huziamsha hata ulizokuwa umezilaza. Bi Nuru akanisomea majina yake moja moja, mengine akiyatamka kama anasoma dawa ya hospitali, nami nikawa nasema, hiyo zima, hiyo zima, hiyo iache. La tatu, nafasi kwenye diski; tukafuta mabaki ya mfumo wa zamani ambayo hayakuhitajika. La nne, ile programu ndogo inayoiongoza kadi ya picha, ambayo mara nyingi haikubaliani na mfumo mpya. Tukaitoa, tukatia iliyo sawa. Kila moja ya hizi imenitolea kompyuta kitandani wakati mmoja au mwingine. Kwa Bi Nuru hazikutoa kitu.

Nilimwambia anisomee prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, unafanya kazi kiasi gani. Akasema umeandika asilimia mia. Nikaona basi nimekwisha kumkamata mwizi, ni mfumo mpya unaila kompyuta, na nikaendelea kuuzimia mambo. Kulikuwa na namba nyingine chini yake, ya kasi. Sikumwuliza, naye hakuisoma. Wanangu, namba hiyo ulizeni.

Na kuna neno alinipa bure nikalitupa. Alisema, "Asubuhi huwa nzima, Bwana Shee. Ikishafanya kazi kidogo ndipo huchoka."

Nikamwambia kompyuta haichoki, si punda.

Ikafika Alkhamisi. Boti ilikuwa iondoke kesho yake baada ya sala ya Ijumaa. Mke wangu alikuwa ndani na Bi Nuru, wanautazama ule mstari pamoja, na mimi nje nasubiri. Nikatoa shauri la mwisho, kuirudisha kompyuta kwenye mfumo wa zamani. Bi Nuru hakupandisha sauti. Aliniambia kwamba kazi yote aliyoikata ameikata kwa programu mpya, na programu mpya haifunguki kwenye mfumo wa zamani. "Ukiirudisha, harusi ya binti yako nitaikata upya tangu mwanzo. Hilo nitalifanya, sikatai. Lakini Ijumaa hii mtakwenda Chundwa mikono mitupu."

Simu ya mke wangu ikalia. Nikamsikia anaitika, anasema ndiyo, ndiyo, tunakuja. Akaikata. Kisha akaniambia kupitia pazia, wala si kwa hasira, "Ni kaka. Mama auliza kama yeo ni Ijumaa."

Nilikaa pale na mikono yangu mapajani. Mimi, Shee. Mashine ikiwa mbele yangu huwa nina la kufanya, hata kama ni kuipiga kofi. Pale palikuwa na kitambaa tu.

Alasiri ilikuwa karibu. Bi Nuru akasema nisubiri kidogo, asimame aifukize.

Nikauliza afukize nini, nguo?

"Kompyuta."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza kama anayemweleza mtoto. Zile ni picha za mabibi harusi, wamepambwa, na macho ya watu yana shari. Tangu alipoanza kazi hii, kila Alkhamisi huifukiza kompyuta udi na ubani na kuisomea, ili jicho lisiwafuate mabinti za watu. Hilo halikunigutusha, hapa kwetu tunafukiza nyumba, nguo, nywele na mtoto mchanga, na mimi mwenyewe kanzu yangu ya Ijumaa haitoki bila ya udi. Lakini akaendelea. Tangu mfumo mpya ulipoingia na kompyuta ikaanza kulemaa, alishuku kuwa imeshapatwa na jicho tayari, na wa kwanza kuhofiwa ni bibi harusi wa filamu iliyokwama, yaani Asiya. Kwa hivyo sasa haifukizi tena kwa wiki. Huifukiza asubuhi, adhuhuri na alasiri.

"Na chetezo wewe wakiweka wapi, Bi Nuru?"

"Chini ya meza, nyuma ya boksi. Hapo ndipo pazuri. Moshi wote wavutika ndani, haupotei hata kidogo."

Mke wangu anasema nilicheka. Mimi nakumbuka nilisimama tu, nikazivuta pumzi, na ndipo pua yangu ikaniambia jambo ambalo ilikuwa ikinong'ona tangu siku ya kwanza. Chumba kile kilinukia udi, sawa, kama nyumba yoyote ya mtu mwenye heshima zake. Lakini chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, ya udi uliopikwa mara ya pili. Udi uliogeuka ulimbo na kuungua juu ya chuma.

Nikamwuliza anisomee ile namba ya kasi. Akaisoma. Ilikuwa chini mno, kama mtu mzima anayetambaa. Nikamwambia azime, aiache ipoe. Aliiacha, wao wakasali, mimi nikaenda msikitini nikarudi. Alipoiwasha akaisoma tena, na namba ilikuwa juu kabisa, inavyopaswa. Akaipa kazi. Namba ikakaa kidogo, ikaanza kuteremka, ikateremka, ikateremka mpaka kule kutambaa. Kompyuta haikuwa nzito. Ilikuwa na joto, na ubongo wake ulikuwa unapunguza mwendo wenyewe ili usiungue. Mfumo mpya uliiongezea kazi, kazi ikaongeza joto, feni ikavuta kwa nguvu, na kila ilivyovuta, Bi Nuru akaiongezea moshi.

Sasa, kuifungua. Bi Nuru akasema haitoki chumbani. Nikamwambia kompyuta iliyozimwa ni bati na waya, haina uso wa mtu ndani yake. Akasema nyuso zimo kwenye diski. Ni kweli, zimo. Nikafikiri, nikamwambia basi tuzitoe kwanza. Nikamwelekeza nyuma ya pazia, skrubu hii, waya ule, vuta taratibu, na mke wangu akamshikia tochi. Wakaitoa diski. Bi Nuru akaivingirisha ndani ya leso, akavaa buibui lake, akatoka, akaketi kwenye kiti changu kiwandani na lile furushi mapajani, amelishika kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto wa kwanza kwenda kutahiriwa. Ile ya nakala aliitia kwenye mkoba na mkoba akaukalia. Kisha akasema, "Haya. Hilo bati ni lako."

Vijana, mimi nimeona uchafu. Nimeona panya, nimeona chumvi iliyokula boksi mpaka ukipuliza linabomoka. Huu ulikuwa uchafu wa aina yake. Pale juu ya prosesa hukaa kile kipande cha bati chenye mapezi membamba, na feni juu yake inapitisha hewa kati ya mapezi. Mapezi hayakuonekana. Palikuwa na kitu kama mkeka, cha rangi ya halua, kimeshikana na nyuzi za leso na vumbi, kinateleza na kunata kwa pamoja. Feni ilikuwa inazunguka juu yake bure, hewa haina pa kupita. Nikakinyofoa kipande kwa kibanio nikakinusa. Kilinukia kama chumba cha bibi harusi.

Bi Nuru akasema, "Kumbe nimeiziba pumzi mwenyewe."

Nikamwambia asijilaumu, moshi ulikuwa wa kheri, ndia ndiyo haikuwa yake.

Kazi yenyewe mtaitaka, basi shikeni. Uchafu wa udi haupulizwi. Ukipuliza vumbi linaondoka na ulimbo unabaki. Ling'oe lile bati lote la mapezi, usilioshee palepale. Liloweke kwenye spiriti mpaka ulimbo ulegee, kisha mswaki laini, pezi kwa pezi, na usikaze mkono maana yanapinda. Feni uishike isizunguke unapoisafisha. Krimu ya kijivu iliyo kati ya bati na prosesa ikiwa imekauka kama udongo, ifute yote na utie mpya, kiasi cha punje ya mchele. Nimeona vijana wanaipaka kama siagi. Kausha vyote, vikauke kweli, si kukauka kwa haraka. Nilitumia paa lao, jua la alasiri na upepo wa kusi. Na kabla ya kurudisha kifuniko weka kiganja, sikia hewa inatoka upande wake. Ilitoka. Ilitoka baridi na kali, na mimi nikashusha mabega ambayo sikujua nilikuwa nimeyapandisha tangu Jumapili.

Wakairudisha diski ndani wao wenyewe, pazia likashuka, nikarudi kitini. Bi Nuru akaipa kompyuta kazi ya kuifunga ile filamu. Nilimwambia asinisomee mstari, anisomee kasi. Akasoma. Akasoma tena. Haikushuka. Mara mke wangu akasema mstari umepita nusu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Filamu iliisha kabla ya isha. Nikasikia wanawake wawili wanapumua kwa pamoja, halafu wanacheka, halafu mmoja analia kidogo, na sikuuliza ni yupi.

Chetezo sasa kinakaa dirishani, na Bi Nuru anafukiza chumba, si mashine. Nilimwambia kheri itafika tu.

Kesho yake tulipanda boti. Flashi yenye filamu mke wangu aliitia kwenye pochi, pochi ndani ya mkoba, mkoba ndani ya buibui, na hata mimi niliyeiokoa sikupewa kuibeba. Mimi nilibeba laptopu yangu ya kazi, iliyokuwa kamili, betri imejaa. Kutoka gatini tukachukua bodaboda, na hapo laptopu niliipakata tumboni, maana ndia ile ina mashimo yasiyosamehe.

Bi Mwanaesha alikuwa amelazwa kwenye kitanda karibu na dirisha. Alikuwa amekonda mpaka pete imefungwa uzi isimtoke. Nikampa mkono wa heshima, nikaiweka laptopu juu ya kiti, nikamwonyesha mke wangu pa kubonyeza, nikatoka. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake wa mtaa mzima. Mlango ukafungwa.

Tulikaa nje mimi na mashemeji zangu, ukutani chini ya dirisha. Nikasikia ngoma inaanza, kisha vigelegele vya kwenye filamu, kisha kimya cha chumbani. Halafu sauti yake. Ilikuwa nyembamba lakini ilikuwa ya amri, kama zamani.

"Rudisha hapo alipoingia."

Wakarudisha. Akasema tena wairudishe. Kisha akauliza ni nani aliyempaka Asiya hina ile, mbona ya mkono wa kushoto imevuja. Wanawake wote wakacheka, na shemeji yangu mkubwa, mtu mzima mwenye wajukuu, akainamisha kichwa magotini na mabega yake yakatikisika. Mamake alikuwa hajagombeza mtu kwa muda mrefu.

Waliitazama yote, wakaitazama tena baada ya magharibi. Usiku akaomba uji, akaunywa.

Asubuhi nikaitwa kuaga. Nilikwisha kuukunja waya wa chaji na laptopu iko kwapani. Bi Mwanaesha alinitazama, akaitazama laptopu, akanishukuru vizuri, akaniombea dua, na baada ya dua akasema, "Na wewe ukiondoka na hicho kisanduku, mimi Asiya nitamtizama na nini?"

Nilianza kumweleza kwamba hiyo ni ya kazi, kwamba nitamtafutia kitu kingine, kwamba nikifika Amu nitafanya hivi na vile. Mke wangu aliupokea ule waya mkononi mwangu, akaukunjua, akatafuta tundu la umeme la sola ukutani, akauchomeka.

Bi Mwanaesha yuko hai, na laptopu iko kwake. Wanawe wamerudi Mombasa makazini. Kila Alkhamisi alasiri majirani wanakuja, wanafunga mlango, wanaitazama harusi ya Asiya tangu mwanzo, na nimeagiza kwamba chetezo kikae mbali, na wananitii. Ile kazi ya Bi Nuru sikumtoza kitu, ningemtozaje. Spiriti, mswaki na krimu vilikuwa vyangu vya dukani, sivihesabu. Laptopu niliyonunua badala ya ile, ya mtumba, pamoja na nauli ya basi kutoka Mombasa, boti ya kuvukia na mchukuzi wa gatini, imenigharimu shilingi elfu ishirini na tatu, mia sita na hamsini.